Mwanamke Aliyekaa Ndani ya Kalavati

Asubuhi wajenzi wa barabara walipofika kazini walimkuta Meme Aune Haufiku, mama mzee wa kijiji cha Eendobe, amekaa ndani ya bomba la zege kama mtu aliyehamia. Yalikuwa mabomba matatu, mapana kiasi cha mtu mzima kuingia kwa kuinama, yamelazwa kando ya tuta yakingoja kufukiwa chini ya barabara. Meme Aune alikuwa amechagua la katikati. Alivaa gauni lake la mistari ya waridi, lile la kanisani, akanyoosha miguu, ubavuni kibuyu cha togwa ya uwele, mikononi tenga alilokuwa akilisuka. Alisuka kwa nguvu, akivuta kila ufito kama anayemnyonga mtu.

Hafeni, msimamizi wa kazi, alikuwa kijana wa kijiji cha pili; mama yake na Meme Aune waliimba kwaya moja. Alivua kofia yake ya plastiki akachutama mdomoni mwa bomba. Ugomvi uwepo usiwepo, salamu haziachwi.

"Umelalaje, Meme?"

"Nimelala. Nawe umelala?"

"Nimelala, Meme. Nyumbani wamelala?"

"Wamelala. Mguu wa mama yako vipi?"

"Afadhali kidogo."

"Mwambie asiuweke kwenye baridi." Meme Aune akaweka tenga chini. "Haya. Sasa tugombane."

Wajenzi wakacheka. Hafeni hakucheka.

"Meme, hilo bomba tunalihitaji leo."

"Hata mimi nalihitaji."

"Lakini si nyumba, Meme. Hata mlango halina."

"Afadhali. Isiyo na mlango haivunjwi. Niambie, mnaliweka wapi?"

"Palepale lilipokuwa la zamani."

"Sikukuuliza upande, nimekuuliza kimo. Mnalilaza chini, kwenye sakafu ya oshana, au mnaliinua tena usawa wa kiuno changu?"

Hafeni akaangalia viatu vyake. Nyuma yake mwendesha eskaveta, mtu wa kusini asiyejua mambo ya huku, akazima injini na kupaza sauti: "Bosi, leo tunafukia bomba au tunafukia na mwenye nyumba?"

"Wewe cheka tu," Meme Aune akamjibu. "Mama yako angekuwa anakula samaki badala ya maneno, ungezaliwa na akili."

Eendobe haina mto. Ina oshana, bonde pana lenye kina cha sahani, ambalo miezi mingi ya mwaka ni nyasi na vumbi na ng'ombe hulala humo. Mvua zikinyesha vizuri kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Angola, maji huja yenyewe, polepole, bila kelele, na watu huamka wakakuta malisho yamekuwa kioo. Hiyo ndiyo efundja, na samaki huja nayo. Hawaji katikati yake wala mwishoni. Huja na ulimi wa kwanza kabisa wa maji, kambale wakiburura matumbo kwenye nyasi, migongo nje, kwa haraka ya kwenda kutaga kwenye vidimbwi vya kusini ambako maji ni ya uvuguvugu na chakula tele. Maji ya kwanza ni ya samaki, watu wa Eendobe husema, na maji ya pili ni ya vyura.

Baadaye, efundja inapoanza kunywea, wanawake huingia kidimbwini kwa mstari mmoja toka ukingo hadi ukingo, kila mmoja na tenga lake refu lisilo na kitako. Wanaimba, wanapiga hatua, wanabandika matenga chini matopeni. Anayesikia kitu kinagonga fito huingiza mkono kwa juu akamtoa samaki. Mstari huo haukatwi. Ng'ombe akielekea huko hurudishwa, na mwanamume huzunguka hata kama ni mbali, kwa sababu aliyeukata amewatukana wote waliomo, walio hai na waliowafundisha. Mwenye kuuita mstari, kama mama yake kabla yake, alikuwa Meme Aune.

Alikuwa msusi wa matenga tangu utotoni. Aliolewa na mtu wa mkataba aliyekwenda migodini kusini, akarudi kila mara na blanketi jipya na kikohozi kilekile, mpaka mwaka mmoja kikohozi kikashinda. Miaka ya vita, askari walipokataza watu kutoka baada ya jua kuzama, alikausha kambale juu ya moshi wa jiko akalisha watoto wake na watoto wa jirani aliyekimbilia ng'ambo. Mtu akimuuliza aliwakuzaje watoto watano bila baba, alionyesha kidimbwi kwa kidevu, kana kwamba swali lilikuwa la kipumbavu.

Kisha ikaja barabara. Meme Aune hakuichukia. Aliipanda kwenda kliniki kama wengine, na siku ya kufunguliwa alipiga vigelegele. Lakini pale ilipokatiza oshana waliweka tuta la udongo na lami juu, na ndani ya tuta bomba moja, na bomba lile lilikaa juu, kiunoni mwa mtu. Efundja iliyofuata ilifika kwenye tuta ikasimama kama ng'ombe kwenye lango. Samaki waliokuja na maji ya kwanza wakazunguka upande wa kaskazini wakitafuta njia, siku baada ya siku, na vijana wakawachota kwa vyandarua vilivyogawiwa kliniki, wakubwa kwa wadogo, na mayai yao. Maji yalipopanda mwishowe yakaufikia mdomo wa bomba, yalimwagikia kusini kama yanayotoka kwenye bati la nyumba. Yalikuwa maji matupu. Na wale wachache waliopenya, walipotaka kurudi juu, walikuta ukuta. Meme Aune aliwahi kusimama pale akamtazama kambale mmoja akiruka, akigonga zege, akianguka, akiruka tena, mpaka pua ikachubuka ikawa nyeupe.

Tangu hapo alikuwa mtu wa matusi. Aliitukana serikali kwenye misiba na kwenye harusi. Diwani alipokuja kuomba kura, alisimama katikati ya watu akamwambia, "Nyinyi mliona njia ya gari, mkashindwa kuona njia ya maji, na ilikuwa hapa kabla ya babu yako." Alikwenda mjini kwenye ofisi ya barabara, akaketi barazani hadi walipofunga. Mwaka baada ya mwaka aliita mstari wa wanawake, wakaingia kidimbwini, wakatoka na vidagaa na aibu. Wasichana wakaacha kuja. Matenga aliyosuka yakanunuliwa na wageni wa kupamba ukutani.

Efundja ya mwaka uliopita ilikuwa kubwa. Ililipasua tuta pale Eendobe, ikachukua bomba, lami na alama ya mwendo kasi, na kwa msimu mmoja oshana ikawa wazi. Kidimbwi kilichemka kwa samaki. Wanawake waliosahau nyimbo walizikumbuka majini. Ndinelao, mke wa mwanawe, ambaye hakuwahi kushika tenga, alitoa kambale mrefu kama mkono wake akapiga ukelele hadi mbwa wakaja.

Sasa barabara ilikuwa inajengwa upya, na Meme Aune alikuwa mzee kiasi cha kujua hesabu. Bomba likifukiwa juu leo, litakuwa juu siku zote alizobakiza, na watoto wa Ndinelao watayajua matenga kama vitu vya ukutani.

"Meme, si mimi," Hafeni alisema kwa sauti ya chini. "Mchoro unataka liwe sakafuni. Injinia amelichora chini. Hata la zamani lilichorwa chini."

"La zamani?"

"Ndiyo."

"Basi nani aliliinua?"

Hafeni akaigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena.

"Hafeni. Mimi ndiye niliyekuogesha siku uliyozaliwa. Ulikuwa kama panya. Nani aliliinua?"

"Tatekulu, Meme. Aliomba wakati ule, na safari hii ameomba tena. Injinia akiambiwa na mkuu wa kijiji hukubali. Anasema wenyeji ndio wanaoyajua maji yao."

Tatekulu, mkuu wa kijiji cha Eendobe, alikuwa Weyulu, kaka yake Meme Aune, wa tumbo moja.

Meme Aune alichukua tenga, akaingiza ufito mmoja mahali pake, ukavunjika. Matusi yake yote ya miaka ile, ya misibani na barazani na mbele ya diwani, yalikuwa yamekosea nyumba. Yalipita juu ya paa la Weyulu yakaenda mjini kwa watu wasiomjua.

"Mwiteni," akasema.

"Ameshaitwa, Meme. Nilimpigia nilipokuona."

Weyulu alifika na pikapu yake nyeupe pamoja na wanaume wawili wenye ng'ombe wengi, waliokaa nyuma wakishika fimbo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyezoea kusikilizwa. Alishuka, akalisogelea bomba, akainama kidogo.

"Umelalaje, dada?"

Meme Aune akamtazama. Hakujibu. Wajenzi waliokuwa wanacheka wakaacha, kwa maana wote walikuwa watoto wa huku isipokuwa yule wa eskaveta, na hawakuwahi kusikia salamu ya mkuu wa kijiji ikiachwa hewani.

"Toka humo, Aune. Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Weyulu," akasema. Hakumwita Tatekulu. Alimwita jina tupu, kama walivyoitana wakichunga mbuzi. "Miaka yote hii ulikuwa unakuja kwangu, unakula ugali wangu, mimi naitukana serikali, wewe unatikisa kichwa. 'Kweli kabisa, dada. Serikali haina masikio.' Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema."

"Ukiwa unatafuna!"

Mmoja wa wale wanaume wenye ng'ombe akageuza uso. Weyulu akapiga vumbi kwa ncha ya fimbo yake.

"Ungetaka nikuambie nini? Hukuwa na ng'ombe, Aune. Mimi niliwaona mwaka ule wa ukame wakianguka mmoja mmoja macho wazi, ndama wanamnyonya mama aliyekufa. Ndipo nikasikia barabara inakuja, tuta linakuja. Nikasema Mungu ametuletea bwawa bure. Inueni bomba kidogo tu, maji yabaki upande wa juu. Kosa langu nini? Maziwa uliyokuwa unaletewa na mke wangu yalitoka kwa nani, kwa vyura?"

Ilikuwa kweli. Bwawa lilikuwepo, ng'ombe walikunywa humo mpaka katikati ya kiangazi, na maziwa yaliletwa nyumbani kwake kwenye kibuyu kilichofungwa vizuri. Ukweli huo ulimchoma Meme Aune kuliko uongo, maana ulimnyang'anya nusu ya maneno yake.

"Ng'ombe wana miguu," akasema. "Kukikauka unawaswaga hadi malisho ya mashariki, kama baba alivyofanya na baba yake. Sasa hutaki kutembea. Umenenepa, umenunua pikapu, unataka maji yakufuate. Samaki afanyeje? Apande tuta, asimame kwenye lami, aangalie kulia na kushoto ndipo avuke?"

Mwendesha eskaveta akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Samaki, samaki!" mmoja wa wenye ng'ombe akaingilia. "Meme, nani aliwahi kuoa kwa kambale?"

"Na wewe nani aliwahi kula ng'ombe wako?" Meme Aune akamgeukia. "Mnachinja harusini na matangani. Katikati ya harusi na matanga watoto wanakula nini, kwato?"

"Inatosha," akasema Weyulu. "Hafeni, fanya kazi yako. Huyu ni dada yangu, nitamtoa mwenyewe."

Akainama aingie bombani. Meme Aune akasimamisha tenga mbele yake, mdomo ukimwelekea, na fito zake zilizochongwa ncha zikawa karibu na kidevu cha kaka yake. Walikaa hivyo wakitazamana, wazee wawili ndani ya tundu la zege, mpaka Hafeni aliposema, "Tatekulu. Tazama kule."

Wanawake walikuwa wanakuja kutoka upande wa nyumba. Ndinelao alitangulia. Kila mmoja alibeba tenga kichwani. Hawakuimba wala hawakuwasalimia wajenzi. Waliteremka kwenye mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mabomba, wakajipanga kwa mstari toka ukingo hadi ukingo, kila mmoja akabandika tenga lake kwenye vumbi kama wanavyobandika majini. Kisha wakasimama.

"Bosi," akasema mwendesha eskaveta, "mimi si wa huku. Nikiwaambia wasogee, nikapita taratibu…"

"Pita uone," Hafeni akamjibu. "Wa tatu pale ni mama yangu. Mguu mbovu na yote."

Weyulu alitoka bombani akasimama kwenye ukingo wa mtaro. Katika maisha yake yote hakuwahi kuukata mstari ule. Alipokuwa mdogo mama yao alimpiga kwa sababu alikaribia tu kupita. Wanawake hawakumtazama, walitazama mbele, mikono juu ya matenga, jua likianza kuuma. Wenye ng'ombe walimngoja. Alipanguza shingo kwa kitambaa, akakikunja polepole, akakirudisha mfukoni.

"Moja," akasema mwishowe, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hilo alilolikalia. Moja lilazwe chini. Mawili yabaki juu kama nilivyoagiza. Nimemaliza."

Wale wawili wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mawili kwa moja. Mkuu wao hakushindwa na mwanamke. Mtaroni wanawake wakanung'unika, moja tu? Hafeni aliyatazama mabomba, kisha akamtazama Tatekulu.

Meme Aune alimtazama kaka yake usoni. Mtu huyu amenywesha ng'ombe tangu alipoanza kutembea. Ameziba ndoo zilizotoboka kwa lami na matambara, na anajua maji hutokea tundu gani. Bomba moja likilala sakafuni, efundja yote itapita hapo na samaki wake, kwenda na kurudi, na hayo mawili ya juu yatabaki makavu kama pua za maiti. Hakutakuwa na bwawa. Weyulu alijua hilo. Alikuwa amempa kila kitu, akakificha ndani ya neno "moja", ili wenye ng'ombe warudi nyumbani wakiwa washindi. Na sasa alikuwa anamtazama kwa macho ya utotoni, yale ya kuomba asimsemee kwa mama, akingoja apige kelele kidogo ili jambo liaminike.

Hapo ndipo hasira yake ilipofika mahali ambapo haikuwa imefika asubuhi ile. Kama Weyulu angekataa, Aune angepambana naye. Kama angesema "nilikosea, dada", pengine angelia, maana alimpenda. Lakini Weyulu alitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, na yeye Aune amshikie mlango, baada ya miaka yote ile ya kumtafunia ugali. Angeweza kuusema ukweli palepale kwa sauti. Wenye ng'ombe wangeelewa, na bomba lingepanda juu.

Akapiga kelele.

"Moja! Unanitupia moja kama mbwa anayetupiwa mfupa! Mtoto wa mama yangu! Moja!"

Haikumpa shida kuigiza. Hasira ilikuwa ya kweli, sababu tu ndiyo ilikuwa nyingine.

"Moja," akasema Weyulu. "Na ushukuru."

Hilo la mwisho halikuhitajika. Aliliongeza mwenyewe, akapanda pikapu, wakaondoka.

Meme Aune alitoka bombani, magoti yakilia, akasimama juu ya mtaro mpaka bomba lilipolazwa. Aliwafanya walitoe na kulishusha tena kwa sababu mdomo wa kusini ulikuwa umebaki juu kidogo, kiasi cha kiganja. Mwendesha eskaveta alilalamika. Hafeni akamwambia anyamaze. Udongo ulipokuwa unarudishwa, kijana akamsogelea Meme Aune akamnong'oneza, "Meme, lakini yale mawili ya juu hayataona hata tone."

"Funga mdomo ufukie."

Habari ilienea Eendobe nzima jinsi Tatekulu alivyomtuliza dada yake. Wanawake wenyewe wengi waliamini wamepunjwa, wakamlaumu Meme Aune kwamba alitoka bombani mapema. Ndinelao alimuuliza waziwazi, "Mama, tulisimama juani kwa ajili ya moja?" Alimjibu akachote maji. Mke wa Weyulu alikuja na kibuyu cha maziwa na kuku aliyefungwa miguu, akasema ndugu wa tumbo moja wale pamoja, yaishe. Meme Aune alipokea maziwa, maana mwanamke yule hakuwa na kosa. Kuku akamrudisha.

"Mwambie mume wako nitakula naye siku atakayosema mbele za watu alichofanya. Mara ya kwanza na mara ya pili, zote."

"Mara ya pili alifanya nini, wifi?"

"Muulize yeye."

Jumapili kanisani walijaa wote. Kabla ya ibada, nje, yule mwenye ng'ombe aliyeuliza habari za kuoa kwa kambale alimpigapiga Weyulu begani, kisha akamgeukia Meme Aune, kwa utani wa kawaida usio na ubaya. "Meme, safari hii umekutana na mwanamume, eh?" Watu wakacheka. Weyulu alikuwa hatua chache tu, alisikia. Meme Aune hakumjibu yule mtu. Alimtazama kaka yake, akangoja. Lilihitajika neno moja tu, hata kukohoa kungetosha. Weyulu alifungua kitabu chake cha nyimbo akaanza kutafuta ukurasa, ingawa kengele ilikuwa bado haijalia.

Wakaingia. Siku hiyo Meme Aune aliimba kwa sauti iliyofunika kwaya nzima, hata mchungaji akageuka, na hakuna ubeti hata mmoja aliokuwa anamwimbia Mungu.